Somo la CSR chuoni: namna ya kulifundisha bila kuishia kwenye madawati

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara nini maana ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii (CSR), atakujibu kwa madawati. Au kisima, au jezi za timu ya mtaa, au mfano wa hundi ulioshikwa na watu wanne wanaotazama kamera. Usimlaumu. Ndivyo kampuni zenyewe zinavyojitangaza, na ndivyo tunavyosoma kila wiki kwamba benki fulani "imerejesha kwa jamii sehemu ya faida yake".

Mwongozo huu ni wa mhadhiri, hasa wa Tanzania, aliyekabidhiwa kozi hii ya muhula mmoja na kuambiwa aanze Jumatatu. Wengi hupewa somo hili kwa sababu hakuna mwingine anayelitaka, kwani linaonekana la porojo. Lakini likifundishwa vizuri, ni mahali ambapo uhasibu, sheria, masoko na rasilimali watu hukutana na kuulizana maswali.

Hatua ya 1: Chagua swali moja litakalobeba kozi nzima

Mihtasari mingi hufungua kwa fasili, moja ya mwandishi huyu, nyingine ya taasisi ile, mpaka wiki mbili zinakatika. Ziache. Juu ya ukurasa wa kwanza andika swali moja: kampuni hii inapataje faida yake, na ni nani anayebeba gharama ambazo hazimo kwenye vitabu vyake? Misaada nayo itajadiliwa, lakini isubiri hadi wanafunzi waweze kulijibu swali hilo kwa kampuni halisi. Kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni kisha kikachimba kisima upande wa pili hakieleweki ukianza na kisima.

Kozi ikae mwaka wa tatu. Kabla ya hapo wanafunzi hawajui kusoma taarifa ya mapato wala hawajagusa kodi, na bila hivyo viwili mjadala unageuka mahubiri. Wako wanaosema somo hili lisisimame peke yake, lisambazwe ndani ya kozi nyingine zote. Hoja yao ina nguvu, ila ninavyoona mimi, kisichokuwa na mwenyewe hakifundishwi. Kozi isimame, halafu uwaombe wenzako wa uhasibu na rasilimali watu waweke angalau swali moja kwenye mitihani yao. Usiiachie idara ya masoko peke yake, kwani itafundishwa kama tawi la matangazo.

Hatua ya 2: Nadharia ziishe kwa wiki tatu, na mpinzani asomwe kwanza

Wiki ya kwanza wape makala ya mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman iliyotoka kwenye jarida la New York Times tarehe 13 Septemba 1970, waisome yote. Wengi wanaijua kwa kichwa chake tu, kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, wakadhani alikuwa mtu mkavu asiyejali wenzake. Wakiisoma watakuta hoja ngumu zaidi: meneja anayetoa fedha za kampuni kwa jambo analoliona jema anatumia fedha za wengine, ni kama amewatoza kodi bila kupigiwa kura. Hapo taja meneja anayejenga zahanati kijijini kwao kwa bajeti ya kampuni, uone darasa litakavyochangamka. Watakuta pia sharti ambalo hunukuliwa mara chache, kwamba faida itafutwe ndani ya sheria na maadili ya jamii, bila hila wala ulaghai. Waulize: sheria ikiwepo lakini mkaguzi hafiki, sharti hilo linabaki na maana gani?

Howard Bowen wa 1953, aliyeandika juu ya wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii, na Edward Freeman wa 1984, aliyeeneza hoja ya wadau (kwamba kampuni izingatie wote inaowagusa, si wanahisa tu), wanatosha kwa mhadhara mmoja. Archie Carroll mpe muda kidogo. Piramidi yake ya 1991 ina ngazi nne kutoka chini: uchumi, sheria, maadili, na juu kabisa hisani. Mwaka 2006 Wayne Visser aliitazama Afrika akasema ngazi zimepangika tofauti, hisani ikiwa ya pili baada ya uchumi, kisha sheria, na maadili mwishoni. Usiwaambie nani yuko sahihi. Kila mwanafunzi achukue kampuni anayoifahamu, apange ngazi nne kama kampuni hiyo inavyoziishi, kisha ajitetee.

Sehemu tamu ya nadharia kwa wanafunzi wetu haimo katika vitabu vya Marekani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, benki na viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma, na shirika lilitarajiwa kuwa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule ya chekechea na timu ya mpira. Hadi leo Mtibwa Sugar na Kagera Sugar ni majina ya timu. Babu wa mwanafunzi wako huenda alitibiwa kwenye zahanati ya kiwanda na hakuna aliyeiita CSR. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliporudisha viwanda kwa wenye mitaji, huduma hizo zilikwenda wapi, na nani alizipokea? Waache wakaulize nyumbani. Mwanafunzi wa Zanzibar au Mombasa naye ataleta wakfu, mfanyabiashara aliyefunga mapato ya duka yahudumie msikiti au madrasa. Mpokee, kisha muulize tofauti ya mtu anayetoa mali yake na kampuni inayotoa mali ya wanahisa. Utakuwa umemrudisha kwa Friedman bila kumtaja.

Hatua ya 3: Sheria na kodi zisomwe na kikokotoo mezani

Walimu wengi huruka hapa, nami naona ndipo pa kukaa. Anza na Sheria ya Madini. Kifungu cha 105, kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika, kwa mashauriano na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na waziri wa fedha. Halmashauri nayo ina kazi zake: kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuelimisha wananchi. Maana yake, kwa mgodi jambo hili si hiari tena. Darasa lijadili: kitu kikishakuwa amri ya sheria, bado ni uwajibikaji, au ni kodi yenye jina zuri?

Kisha chora ubaoni jedwali la safu tatu: mrabaha (malipo kwa madini yanayochimbwa), ushuru wa huduma, fedha za CSR. Nani analipa, nani anapokea, nani anapanga matumizi. Mrabaha unakwenda Serikali Kuu, ushuru wa huduma unakwenda halmashauri, na fedha za CSR zinafuata mpango uliokubaliwa. Vijiji vinavyozunguka migodi husikia "hela za mgodi" na kuzichanganya zote tatu, na wakati mwingine diwani naye huzichanganya kwenye mkutano wa hadhara. Mhitimu anayezitenganisha ana thamani kwa pande zote.

Upande wa kodi, tumia kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii unaruhusiwa kupunguzwa kwenye mapato, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara kabla ya kuutoa mchango wenyewe. Wape hesabu. Kampuni ina mapato ya biashara ya shilingi milioni 800, imejenga darasa kwa milioni 25. Kikomo ni milioni 16, hivyo milioni 9 hazipunguzwi. Kwa kodi ya asilimia 30, nafuu ni milioni 4.8, kwa hiyo darasa limeigharimu kampuni milioni 20.2, na milioni 4.8 zilizobaki ni kodi ambayo Hazina haikuipata. Yaani mlipakodi naye amechangia darasa hilo, ingawa jina lake halipo ukutani.

Endelea: fedha hizohizo zingepitia Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, kikomo cha asilimia 2 kisingehusika. Milioni 25 zote zingepunguzwa, nafuu ingekuwa milioni 7.5 na gharama halisi milioni 17.5. Kwa nini basi kampuni nyingi hupenda kukabidhi darasa zenyewe? Acha wajibu. Na ikiwa nembo ya kampuni imechorwa kwenye kila dawati, ule ni mchango au ni gharama ya matangazo, ambayo ina kanuni zake? Wenye akili ya kodi wataamka hapa hata kama walisinzia kwa Carroll. Kila mwaka kabla ya kufundisha kipindi hiki soma Sheria ya Fedha mpya, maana viwango huguswa.

Kuna kosa moja la kulizuia mapema. Wanafunzi husoma mtandaoni kuhusu "asilimia 2 ya CSR" wakadhani ni yetu. Hiyo ni ya India: kifungu cha 135 cha Sheria ya Kampuni ya 2013 kinazitaka kampuni kubwa kutumia walau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Ya India ni kiwango cha chini cha kutumia. Yetu ni kiwango cha juu cha kupunguziwa kodi.

Hatua ya 4: Visa vichache, vichimbwe hadi chini

Visa viwili au vitatu kwa muhula vinatosha. Mimi ningechukua viwili vya Mombasa na kimoja cha Shinyanga.

Cha kwanza ni machimbo ya Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa kikaacha mashimo makavu, meupe, yasiyoota kitu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Iliyostahimili vizuri ni mivinje. Lakini majani yake membamba kama sindano yalirundikana chini bila kuoza, udongo ukachelewa kupatikana. Walioitatua shida hiyo ni majongoo: waliletwa kwa mamia, wakayatafuna majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mwaka 1984 eneo lilifunguliwa kwa wageni, na leo ni Haller Park. Darasa litakipenda kisa hiki, kwa hiyo usiwaache watoke nacho hivihivi. Kurekebisha shimo ulilochimba mwenyewe ni wema au ni deni? Na saruji yenyewe, ambayo chokaa ikichomwa lazima itoe kaboni dayoksaidi, inaingia wapi kwenye hesabu ya bustani hii?

Cha pili ni Owino Uhuru, nacho usikisimulie chote mara moja. Waambie kwanza: umeajiriwa kuwa afisa uhusiano na jamii wa kiwanda kinachoyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi, kando ya makazi ya watu. Kazi yako ya mwanzo ni kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na inaonyesha hatari. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi, dakika 30. Zikishakusanywa, waeleze kwamba mwenye kazi hiyo alikuwepo, anaitwa Phyllis Omido, na kwamba mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu ya risasi. Aliacha kazi akageuka mwanaharakati, kiwanda kikafungwa 2014, naye akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mamlaka ya mazingira ya serikali, NEMA, nayo ilibebeshwa sehemu ya lawama. Sasa warudishie barua zao wazisome tena. Utaona nani aliandika "tuimarishe mahusiano na jamii" na nani aliandika "tuzime tanuri".

Cha tatu ni Mwadui. Mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940 ulikuwa mji kamili wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwaka 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa ikiumiliki pamoja na Serikali, ilifikia suluhu ya pauni milioni 4.3 kuhusu madai ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika shughuli za ulinzi wa mgodi, na tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilibomoka. Kisa hiki kinafaa kwa ripoti: wanafunzi wachukue taarifa za uendelevu za miaka hiyo, watafute jambo gani limeandikwa ukurasa gani, na kwa maneno mangapi.

Hatua ya 5: Watoke nje, kampuni iwe ya jirani

Usisubiri basi la kwenda Geita. Kila kikundi cha watu watano kichague biashara inayofikika kwa daladala: kiwanda cha matofali, hoteli, kampuni ya mabasi, kituo cha mafuta, kinu cha kukoboa. Biashara ndogo hufundisha zaidi kwa sababu hazina idara ya kupamba majibu. Waende na barua ya utambulisho ya chuo na wapite kwanza kwa mtendaji wa mtaa. Kama halmashauri yenu inadai kibali, kiombwe wiki ya pili, maana sahihi moja inaweza kukaa mezani mwezi mzima.

Maswali yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Piga marufuku swali la "je, kampuni yenu inatekeleza CSR?" Jibu lake ni ndiyo, na picha za madawati. Waulize hivi: maji yaliyooshea mashine yanaelekea wapi? Mshahara unaingia tarehe ngapi, na mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi? Kibarua akiumia anapelekwa wapi, nani analipa? Michango ya NSSF inapelekwa, na mfanyakazi amewahi kuangalia salio lake? Anayewaletea kuni, nyanya au mchanga hulipwa baada ya siku ngapi?

Hilo la mwisho hushangaza kila darasa. Kuna biashara yenye cheti cha shukrani ukutani kutoka shule ya msingi na huku inamdai mama muuza mboga uvumilivu wa siku 90. Pesa iliyonunulia madawati, kwa kiasi fulani, ni ya mama huyo.

Kikundi kingine kifuate msaada uliokwisha kutolewa. Wakiambiwa kampuni ilitoa madawati 100 miaka miwili iliyopita, waende shuleni wayahesabu. Mangapi mazima, mangapi yapo kwenye ghala la mabovu, mangapi yamebanana kwenye chumba kimoja kwa kuwa madarasa hayakuongezwa? Kisima kina fundi? Pampu ikifa, nani ana fedha ya kipuri? Na wamuulize mwalimu mkuu kama kuna aliyemuuliza anahitaji nini kabla lori halijafika.

Sharti moja lisilegezwe: hakuna jina la mfanyakazi kwenye ripoti, wala maelezo yatakayomfanya atambulike. Kibarua akipoteza kazi kwa sababu ya kazi ya darasani, kozi yako imekuwa mfano wa jambo inalolikemea.

Hatua ya 6: Wageni

Meneja uhusiano wa benki atakuja ukimwita, na slaidi zake ni nzuri. Mwite, lakini siku hiyohiyo awepo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, au mkaguzi kutoka OSHA (usalama na afya kazini) au NEMC (mazingira). Waombe waje bila slaidi. Maswali ya wanafunzi yakusanywe siku mbili kabla, uyachuje, uyapange kuanzia magumu.

Hatua ya 7: Alama

Swali la "jadili umuhimu wa CSR kwa kampuni na jamii" lifutwe kwenye benki ya maswali. Programu za akili unde zinalijibu kwa sekunde chache, na hata kabla yake lilikuwa likijibiwa kwa kukariri. Kama utaratibu wenu ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani, 25 kati ya zile 40 ziende kwenye ripoti ya uwandani, na kila kikundi kihojiwe kwa mdomo dakika kumi, ukichagua wewe nani ajibu nini. Hapo ndipo aliyekaa bwenini wenzake wakienda kiwandani hujulikana.

Kwenye mtihani weka taarifa fupi ya mapato ya kampuni ya kubuni na aya mbili za taarifa yake kwa vyombo vya habari. Mtahiniwa aonyeshe gharama tatu zinazobebwa na watu wasiomo kwenye hesabu hizo, akokotoe gharama halisi ya msaada baada ya kodi, na apendekeze jambo moja la kubadilisha ndani ya shughuli zenyewe, pamoja na bei yake. Pendekezo lisilo na bei lipewe nusu ya alama. Huu ni mtihani wa wanabiashara.

Hatua ya 8: Chuo nacho kikaguliwe, na ripoti zirudi

Kikundi kimoja kila muhula kipewe chuo chenyewe. Wafagiaji wameajiriwa na nani, kwa mkataba gani? Taka za maabara zinakwenda wapi? Mama ntilie wa geti la nyuma hupangishwa kwa masharti gani? Ukumbi uliopewa jina la mfadhili ulikuja na makubaliano gani? Zungumza na mkuu wa idara mapema, kwa maandishi, ukieleza lengo ni mafunzo. Kama chuo chenu kimejiunga na PRME, mpango wa elimu ya uongozi wenye uwajibikaji ulioanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007, taja ahadi hiyo kwenye barua. Ukikataliwa, barua ya kukataliwa nayo ni nyenzo nzuri ya kufundishia.

Mwisho wa muhula kila kikundi kiandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, lugha ya kawaida, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye kampuni apewe wiki mbili za kusahihisha takwimu kabla nakala ya mtaa haijatoka. Atakayeleta risiti arekebishiwe, atakayeleta malalamiko matupu ajibiwe kwa heshima. Ripoti nzima ibaki idarani, na darasa la mwaka unaofuata lirudi kwa kampuni zilezile likiwa na maswali yaleyale, likianza na lile la siku ngapi muuza mboga analipwa.